Altezza Yetu na Vilima vya Geita

Kati ya mwaka 2008 na 2014 hivi, mtu wa mshahara wa kawaida wa Shinyanga, Kahama au Geita aliweza kumiliki gari la spoti na bado watoto wake wakala, wakavaa na kwenda shule. Nasema gari la spoti nikimaanisha hivyo hasa: linasukumwa na magurudumu ya nyuma, lina gia sita za mkono, limekaa chini, na usukani wake unakupa habari za kila kokoto lililo chini ya tairi. Gari hilohilo lilikuwa na milango minne, viti vya watu watano, na buti la kupokea gunia la mchele wa Shinyanga pamoja na mabegi ya safari. Liliitwa Toyota Altezza. Leo nikilitaja mbele ya vijana wanadhani nasifia uhuni wa barabarani, nami inaniuma, kwa sababu mimi na mke wangu tumelea watoto ndani ya gari hilo.

Bei yake kuwa ya kufikika haikutokana na bahati. Toyota ilianza kuliuza Japani Oktoba 1998, na likachaguliwa kuwa gari bora la mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998–1999. Mhandisi mkuu wake, Nobuaki Katayama, alikuwa ameshiriki pia katika AE86, ile Corolla nyepesi ya miaka ya 1980 ambayo wapenzi wa magari wanaiheshimu hadi leo. Katika Altezza alitaka kuurudisha wepesi ule ndani ya gari la milango minne. Injini zilikuwa mbili. Moja ya silinda sita, 1G-FE, yenye cc 1,988. Nyingine ya silinda nne, 3S-GE, yenye cc 1,998, ambayo kwa gia za mkono ilitoa nguvu za farasi 210. Zote mbili zilibaki chini ya cc 2,000, na hapo ndipo Mtanzania aliponufaika. Kwetu ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Ikivuka 2,000 ni asilimia 10. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, hivyo kila asilimia inayopungua mfuko unaiona. Halafu kuna ushuru wa uchakavu. Wakati ule uliyaangukia magari yaliyovuka miaka 10, kwa hiyo Altezza ya mwaka 2001 iliyoshuka bandari ya Dar es Salaam mwaka 2010 ilikuwa na miaka 9 na ilipita salama.

Pesa za kuyanunua magari haya zilitoka wapi, kila mtu wa huku anajua. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi ukafunguliwa mwaka 2009 pale jirani na Kahama. Mishahara ya migodi ilizunguka: ikajenga nyumba, ikafungua maduka, ikalipa ada, na sehemu yake ikaagiza magari Japani. Nilikuwa na jirani aliyeendesha malori ya mgodini yenye tairi refu kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa akitoka zamu ya usiku, anaingia kwenye Altezza yake, na uso wake unabadilika kabla hajawasha. Mtu aliyekesha akihangaika na chuma kizito hujua thamani ya kitu chepesi.

Ya kwetu ilikuja mwaka 2010, rangi ya fedha, silinda sita, gia za mkono, namba ya usajili ya B. Ilitugharimu shilingi milioni 10 na kidogo, pamoja na ushuru wote. Kwa fedha hizo tungeweza kupata gari la juu kidogo lenye umri mkubwa zaidi, na ndugu wengi walitushauri hivyo. Mke wangu ndiye aliyekataa. Yeye ni muuguzi, alikuwa akiingia zamu alfajiri na kutoka usiku, na alisema kama ni kukaa kwenye gari kila siku basi liwe gari linalomfurahisha anayeliendesha. Sijawahi kusikia hoja nzito kuliko hiyo katika mambo ya kununua gari.

Watu hudhani raha ya gari la spoti ni kukimbia. Hapana. Ukikimbia barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza utakutana na ng'ombe, baiskeli zenye mkaa, matuta, na vijiji ambavyo kibao kinasema 50. Raha iko kwenye wepesi. Iko kwenye kukata kona ya kuingia sokoni saa moja asubuhi ukiwa katika gia ya pili, gari likageuka pale unapotaka na kwa kiasi unachotaka. Iko kwenye kanyagio la breki linaloitikia mguu bila kuuliza, na kwenye mkono wa gia wenye safari fupi, unaoingia kwa kishindo kidogo cha uhakika. Ndani ya geji kubwa ya mwendo kulikuwa na geji ndogo tatu, kama saa ya mkononi ya mtu mwenye fedha, na watoto walijifunza kuzisoma kabla ya kujua kusoma saa ya ukutani. "Baba, injini bado baridi," mdogo alikuwa akisema tukitoka nyumbani, na kweli nilikuwa nasubiri sindano ipande ndipo nizidishe mguu. Haya yote unayapata kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ukipeleka watoto shule na kurudi na nyanya.

Lakini lile gari lilionyesha asili yake tulipokwenda ukweni.

Mke wangu ni mtu wa Geita. Kutoka Shinyanga tulipita Maganzo, pale wauza almasi na wanunuzi wanapokutana jirani na Mwadui, tukaendelea hadi Mabuki na Misungwi ambako mawe makubwa ya kwetu Usukumani yamebebana kila upande. Barabara hapo imenyooka kwa sehemu kubwa, na Altezza ilikwenda kimyakimya katika gia ya sita. Usagara unakata kushoto, unashuka hadi Kigongo, na hapo safari inasimama: kivuko. Siku za sikukuu foleni ilitambaa hadi tukapika uji wa mtoto pembeni ya gari. Wakati wa kupanda kivukoni ilikuwa lazima kuingia kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, la sivyo bampa la mbele lilikwangua chuma. Vijana wa kivuko walishaijua. Walikuwa wakituongoza kwa mikono miwili, polepole, wakiinama kuangalia chini, na gari likishakaa walipiga paa kofi moja la upole.

Busisi tulibadilishana. Hilo lilikuwa sharti lake tangu mwanzo: upande wa mashariki wa ziwa naendesha mimi, upande wa magharibi anaendesha yeye. Na upande wa magharibi ndiko kwenye vilima. Kutoka Busisi kupita Sengerema hadi Kasamwa na Geita mjini barabara inapanda, inashuka, inapinda, na lami wakati ule ilikuwa changa. Mke wangu aliendesha sehemu hiyo kwa adabu ambayo sijaiona kwa dereva mwingine. Alipunguza kabla ya kona, si ndani yake; akashusha gia, injini ikapandisha sauti; akageuza usukani mara moja tu, bila kuurekebisha; kisha akaongeza mafuta taratibu, na nyuma ya gari ikakaa chini na kutusukuma kutoka konani. Watoto nyuma walikuwa wakilala na hawakuamka. Hicho ndicho kipimo changu cha dereva hadi leo. Gari la juu lingewarusha huku na huku kwa mwendo uleule. Lile lilikuwa limebana barabara, uzito wake wa tani moja na theluthi hivi ukiwa umegawanywa vizuri kati ya mbele na nyuma.

Baba mkwe alilitazama siku ya kwanza, akalizunguka, akasema, "Mkwe wangu, liko chini mno kwa barabara zetu hizi."

Binti yake akamjibu, "Baba, liko chini ndiyo maana halitoki barabarani. Panda nikuzungushe."

Walikwenda hadi karibu na Sengerema na kurudi. Mzee aliposhuka alizungumza kuhusu Peugeot 404. Ujanani mwake alikuwa amesafiri sana kwenye 404 za abiria, zile zile ambazo zilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Wazee wa rika lake hawahitaji kuelezwa kwamba gari la kubeba mama mkwe na magunia linaweza pia kuwa na damu ya mashindano. Waliona kwa macho. Baadaye wakaona Datsun Violet ya Shekhar Mehta ikichukua Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, huku gari la ukoo huohuo likipeleka walimu kazini. Mashindano yale yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo hadithi ya gari la familia lenye wepesi wa mashindano ni hadithi ya kwetu pia. Tangu siku hiyo, tukifika, mzee alikuwa akiuliza kwanza, "Mwanangu yuko wapi? Aniendeshe yeye."

Sitaki kuficha gharama. Ndani ya mji ilikula lita moja kwa kilomita 8 au 9, na mwezi wenye wagonjwa au misiba mingi tuliona uzito wake. Boljointi za chini mbele zilikuwa ugonjwa wake unaojulikana. Ukisikia mlio unapogeuza, usisubiri kesho. Mkanda wa taimingi wa 1G-FE ulitakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na sisi tulibadilisha mapema kwa sababu vumbi la huku halihesabu kilomita. Bushi hazikudumu. Masika ulikaa kwenye lami, kwa maana udongo mweusi wa mbuga za Kishapu ukishika tairi zile pana huna pa kwenda. Njia ya mkato ya Kahama kwenda Geita kupitia Kakola hatukuigusa kabisa. Ilikuwa ya changarawe na malori. Ila fundi wetu alikuwa akisema gari lile hulipa heshima kwa anayeliheshimu, na katika miaka yote tuliyokuwa nalo halikutulaza njiani.

Mambo yalianza kugeuka kidogokidogo. Mwaka 2014 serikali ilishusha kikomo cha umri wa gari kutoka miaka 10 hadi 8. Sasa gari lenye miaka 8 hadi 10 linalipa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi 10 asilimia 30. Toyota iliacha kutengeneza Altezza mwaka 2005, kwa hiyo hakuna hata moja inayoweza kukwepa. Naelewa nia ya sheria: hewa, usalama, nchi isigeuzwe jalala. Lakini kanuni hiyo haitofautishi gari lililotunzwa na lililochakaa. Inahesabu miaka tu. Upande wa kipato nao ukatikisika. Machi 2017 usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi ulizuiwa, Bulyanhulu ukapunguza shughuli zake mwaka huohuo, na ingawa baadaye ulirudi, wengi walikuwa wameshatawanyika. Buzwagi ulimaliza uchimbaji na kufikia mwisho wake mwaka 2021. Kahama niliyaona magari yakiegeshwa barabarani na karatasi ya "linauzwa" kwenye kioo, na miongoni mwake Altezza zilikuwa nyingi. Mwaka 2022 petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na silinda sita zikawa mzigo.

Altezza hizo zilikwenda kwa bei ya chini kwa vijana ambao hawakuwahi kufundishwa gari la magurudumu ya nyuma. Wakakata springi ili lilale zaidi, wakatoboa ekzosi ili mtaa mzima uamke, wakaweka tairi mbovu nyuma ili liteleze. Gari lililobuniwa kwa mizani likaharibiwa mizani yake, kisha likalaumiwa kwa kupinduka. Siwezi kulisema hili kwa sauti ya chini: ni uharibifu, na umeua watu. Na ndio uliolipa jina baya gari ambalo, likiwa kama lilivyotoka kiwandani, ni salama mikononi mwa mama wa watoto watatu kuliko mengi yanayosifiwa leo.

Sisi tuliuza mwaka 2018. Mama mkwe alihamia kwetu, magoti yake hayakuweza tena kushuka hadi kwenye kiti kile na kupanda kutoka humo, na kwa mtu aliyekulelea mke hakuna mjadala. Tulinunua Noah. Inabeba ukoo mzima, mlango unateleza, bibi anaingia kwa hatua moja. Inafanya kazi yake kwa uaminifu na hatuidai zaidi ya hapo. Altezza ilikwenda Kahama, na baadaye nilipata habari kwamba ilikatwa spea: milango kwa huyu, giaboksi kwa yule, viti kwa mwingine. Binti yetu mkubwa, ambaye alijifunzia klachi humo kwenye uwanja wa wazi Ibinzamata, Shinyanga, aliniuliza kama tunaweza kukomboa hata ile dashibodi. Haikupatikana.

Ukitazama barabara za huku leo, magari yamegawanyika makundi mawili. Aliyetajirika, ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limetema, anapanda Land Cruiser au Harrier. Wengine wote wako kwenye IST na Probox, nazo ndizo zilizogeuka michomoko inayokimbizana na abiria kati ya Kahama, Geita na Katoro. Sina neno baya juu ya Probox. Imesomesha watoto wengi. Lakini kati ya gari la kuonyesha ukubwa na gari la kutafutia riziki palikuwa na la tatu, la mtu wa kati anayependa kuendesha na mwenye familia. Nafasi hiyo iko wazi na sioni anayeijaza.

Na barabara sasa ndiyo imekamilika. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, urefu wa kilomita 3 hivi juu ya maji ya Ziwa Victoria. Pale tulipokuwa tukisubiri kwa saa, sasa unapita kwa dakika chache. Tulipovuka mara ya kwanza mke wangu alikuwa kwenye usukani wa Noah, kwa kuwa ule upande wa magharibi ni wake. Alipoanza kupanda vilima vya Sengerema aliniambia, "Baba watoto, barabara hii ilipaswa kutukuta na lile gari." Nilimkubalia. Tulipokuwa na gari hatukuwa na daraja. Tumepata daraja, gari hatuna, na watoto waliokuwa wakilala nyuma wana maisha yao Mwanza na Dodoma.

Wazazi vijana huniuliza wanunue nini wakitaka ladha ile. Lililo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni Suzuki Swift Sport ya kuanzia mwaka 2017: injini ya cc 1,400 yenye turbo, uzito usiofika tani moja kwa gia za mkono, milango mitano. Inasukuma kwa magurudumu ya mbele na buti lake ni dogo, lakini inageuka kwa furaha na inakaa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 5. Wahini kuitafuta, maana za mwanzo zimeshafikia umri wa kulipa uchakavu.

Nawe unayemiliki Altezza nzima hadi leo, iwe Kahama, Geita au popote, nakuomba: rudisha springi zake za asili, funga ekzosi ya asili, badilisha boljointi na mkanda kabla havijakudai. Mfundishe binti yako gia humo, na mpe mkeo usukani kwenye vilima. Ukilazimika kuliuza, usilikate spea. Mtafute mwenye familia, umpe kwa bei anayoiweza.